Mshawishi ni Nani? Fasili ya Ushawishi wa Watunga Sheria na Tatizo la Istilahi Yake katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana ambayo katika siasa za mabunge hujulikana kama lobi, pamoja na swali la nani ahesabiwe kuwa mtendaji wa kazi hiyo. Yanaonyesha kwamba sheria za Marekani, Kanada, Uingereza na Ireland zimelijibu swali hilo kwa njia zinazotofautiana, na kwamba tofauti hizo ndizo zinazoamua nani aandikishwe na nani apite bila kuonekana. Baadaye makala yanapima istilahi zinazotumika katika Kiswahili na kupendekeza fasili. Hoja yetu kuu ni kwamba kinachomtambulisha mtendaji huyu si kitendo cha kushawishi, ambacho ni haki ya kila raia, bali ni kushawishi kwa niaba ya mwingine na kwa malipo.

1.0 Utangulizi

Mfumo wa vyama vingi ulirejeshwa nchini Kenya mwaka 1991 na Tanzania mwaka 1992. Tangu hapo makundi mengi yamejitokeza kupeleka hoja zao kwa wabunge na mawaziri: vyama vya wafanyabiashara, asasi za kiraia, vyama vya wanataaluma, makampuni na taasisi za dini. Kamati za Bunge la Tanzania zinapochambua miswada hukaribisha watu wa makundi hayo kutoa maoni, na wote huitwa kwa jina moja, yaani wadau. Jina hilo ni la adabu, lakini linafunika mengi. Mwanakijiji ambaye shamba lake litaguswa na muswada ni mdau. Mwanasheria aliyelipwa na kampuni inayolitaka shamba hilo naye ni mdau. Mbunge anayewasikiliza wote wawili anastahili kujua kwamba mmoja anasema lililo lake na mwingine anasema alilotumwa.

Tatizo hili ni la siasa, lakini pia ni la lugha. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria yake ya tafsiri ya sheria, na Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Zamani istilahi ya Kiswahili katika uwanja huu ilikuwa zaidi ni kivuli cha neno la Kiingereza. Ilipokuwa na utata, msomaji aliweza kurejea matini ya Kiingereza. Katika hali mpya, neno la Kiswahili laweza kuwa ndiyo sheria yenyewe. Likiwa pana mno, litamnasa mwanakijiji aliyemwandikia mbunge wake barua. Likiwa finyu mno, litamwacha mwanasheria wa kampuni apite. Kwa sababu hiyo wanaleksikografia na wanaistilahi wana wajibu wa kulishughulikia jambo hili kabla halijawafikia waandishi wa miswada likiwa halijapikwa.

2.0 Asili ya Neno na ya Dhana

Neno la Kiingereza lobby lilitokana na Kilatini cha zama za kati, lilikomaanisha ujia au ukumbi uliofunikwa. Katika Bunge la Uingereza lilitumika kwa ukumbi ulio nje ya chumba cha mijadala, mahali ambapo raia waliweza kukutana na wabunge wao. Kutoka kwenye jina la mahali likawa jina la watu waliosubiri hapo, na kutoka hapo likawa kitenzi. Ipo hadithi maarufu kwamba neno hili lilizaliwa katika hoteli ya Willard mjini Washington, ambako Rais Ulysses Grant, aliyetawala kati ya 1869 na 1877, alifuatwa na watu wenye haja zao alipokuwa akipumzika. Hadithi hiyo haina msingi, kwa kuwa Wamarekani walikwisha kulitumia neno hilo kwa maana ya kisiasa kabla ya utawala wake.

Mwenye kuijua nyumba ya Kiswahili ya mwambao ataona ulinganifu na baraza. Mtu mwenye haja hakuingia moja kwa moja ndani. Alipokewa barazani, akaeleza shida yake, akajibiwa. Hata hivyo, maneno haya mawili yalielekea pande tofauti. Katika Kiingereza, jina la ukumbi lilibaki kuwa la watu walio nje ya chumba cha maamuzi. Katika Kiswahili, jina la mahali pa kusikilizia likawa jina la wale wanaoamua: tuna Baraza la Mawaziri na, huko Zanzibar, Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo njia ya kutafsiri kwa kufuata mahali imefungwa. Mtu wa baraza katika Kiswahili cha leo ni yule anayefuatwa, si anayefuata.

Dhana yenyewe ni kongwe kuliko neno. Haki ya raia kupeleka malalamiko kwa mtawala bila kuadhibiwa iliandikwa katika Sheria ya Haki ya Uingereza ya mwaka 1689, na katika Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani lililoidhinishwa mwaka 1791. Ibara ya 119 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lizingatie jambo lolote lililo katika mamlaka yake, ikiwa ni pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Ibara ya 21 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 nayo inatambua haki ya raia kushiriki katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye au taifa lake. Fasili yoyote ya lobi haina budi kuanzia hapa. Kumshawishi mtunga sheria si kosa wala si upendeleo. Ni haki ya kikatiba.

3.0 Jinsi Sheria za Nchi Nne Zinavyofasili

3.1 Marekani

Marekani ilitunga sheria yake ya kwanza ya jumla ya kitaifa kuhusu lobi mwaka 1946. Maneno ya sheria hiyo yalikuwa mapana na yenye utata. Mwaka 1954, katika kesi ya Serikali dhidi ya Harriss, Mahakama ya Juu iliyanusuru kwa kuyabana: ili mtu ahesabiwe, lazima awe amepokea au kukusanya fedha, mojawapo ya malengo makuu ya fedha hizo liwe kuathiri utungaji wa sheria, na njia iliyokusudiwa iwe mawasiliano ya moja kwa moja na wabunge. Ubanaji huo uliilinda haki ya raia, lakini uliacha mwanya mkubwa, kwa kuwa waliowaendea maofisa wa serikali au wasaidizi wa wabunge waliweza kudai kwamba hawahusiki.

Sheria ya mwaka 1995 ilijaribu kuuziba mwanya huo. Iliwajumuisha wasaidizi wa wabunge na maofisa wa ngazi za juu wa serikali. Aidha, ilimfasili mtendaji kuwa ni mtu aliyeajiriwa au kukodiwa na mteja kwa malipo, ambaye amefanya mawasiliano zaidi ya mara moja, na ambaye kazi ya ushawishi inachukua angalau asilimia 20 ya muda anaomtumikia mteja huyo. Muda wa kupima ulikuwa miezi 6, na sheria ya mwaka 2007 ikaupunguza kuwa miezi 3.

Kigezo cha asilimia kina faida ya kumwacha nje mtu anayegusia jambo kwa nadra. Lakini kina kasoro pia. Mtu mashuhuri anaweza kumshauri mteja amwone nani, lini na kwa hoja gani, bila yeye mwenyewe kupiga simu. Tom Daschle, aliyewahi kuongoza wabunge wa chama cha Demokrasia katika Baraza la Seneti, alifanya kazi ya ushauri kwa miaka mingi baada ya kutoka Seneti mwaka 2005, akajiandikisha mwaka 2016 tu. Hakuvunja sheria, na wachambuzi wa Kimarekani wakaupa mwanya huo jina lake.

3.2 Kanada na Uingereza

Sheria ya Kanada ya mwaka 1989 ilitambua makundi mawili tangu mwanzo: wale wanaokodiwa na wateja mbalimbali, na wale walioajiriwa na kampuni au taasisi wanayoisemea. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2014 ilichagua kundi la kwanza peke yake. Anayetakiwa kujiandikisha ni mshauri wa kukodiwa, aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, anayewasiliana yeye mwenyewe na waziri au katibu mkuu wa wizara kwa niaba ya mteja.

Matokeo ya uchaguzi huo yalionekana wazi baada ya miaka michache. Mwaka 2020 David Cameron, ambaye serikali yake ndiyo iliyoitunga sheria hiyo, aliwatumia mawaziri ujumbe wa simu akiitetea kampuni ya fedha ya Greensill ili iingizwe katika mpango wa mikopo ya wakati wa janga la uviko. Mwaka 2021 msajili wa washauri hao alichunguza na kuamua kwamba Cameron hakutakiwa kujiandikisha, kwa sababu alikuwa mwajiriwa wa kampuni hiyo, si mshauri wa kukodiwa. Kwa lugha ya kawaida, waziri mkuu mstaafu aliyelipwa na kampuni akawabembeleza mawaziri kwa ajili yake alikuwa anafanya lobi. Kwa lugha ya sheria, hakuwa mtendaji wa lobi. Kosa halikuwa la msajili, bali la fasili aliyokabidhiwa.

3.3 Ireland

Sheria ya Ireland ya mwaka 2015 iliacha kuuliza mtu anaitwaje, ikauliza anamsemea nani. Inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 10 anayesemea shughuli zake, mtu anayelipwa kumsemea mwingine, na taasisi ya uwakilishi au ya utetezi iliyo na hata mwajiriwa mmoja wa kulipwa. Katika mambo ya uendelezaji wa ardhi inamhusu mtu yeyote, isipokuwa anayesemea nyumba anayoishi mwenyewe.

Kutokana na mifano hii tunaona kwamba sheria zote hutumia vigezo vinne, zikivipa uzito tofauti: malipo, uwakilishi, mlengwa wa mawasiliano, na kiasi cha kazi. Sheria inayokataza milango yote isipokuwa mmoja huwafundisha watu kupita mlango huo.

4.0 Istilahi Zinazotumika katika Kiswahili

Istilahi iliyoenea zaidi ni ushawishi, na mtendaji wake ni mshawishi. Ina faida ya kueleweka na wengi. Hata hivyo, ina matatizo mawili. Kwanza, maana yake imeelemea upande wa ubaya. Kitenzi shawishi kina asili ya Kiarabu na huhusishwa na tashwishi, yaani hali ya kutatizwa moyoni. Katika mahubiri, anayeshawishi mara nyingi ni Shetani. Katika habari za mahakamani, mtu hushawishi kwa rushwa. Pili, neno hili ni pana mno. Mwalimu, mzazi, mfanyabiashara na mgombea wote hushawishi. Sheria itakayosema kwamba kila mshawishi ajiandikishe itakuwa imelitaja taifa zima.

Istilahi ya pili ni utetezi, pamoja na uchechemuzi, ambazo hutumiwa na asasi za kiraia nchini Tanzania. Hizi huelekea upande wa wema. Mtetezi humtetea mnyonge. Ndiyo maana asasi hupenda kujiita watetezi na kuziita kampuni washawishi, ingawa wote wawili huwaendea wabunge wale wale kuhusu muswada ule ule. Istilahi inayotenganisha watu kwa kufuata uzuri wa lengo lao haiwezi kutumika katika sheria, kwa kuwa kila mtu huamini kwamba lengo lake ni zuri.

Tatu, kuna mpiga debe. Jina hili limetoka katika vituo vya mabasi, likahamia katika kampeni za uchaguzi. Linataja vizuri jambo la kulipwa ili kusema, lakini mpiga debe huita umma kwa sauti, ilhali mtendaji wa lobi huzungumza na wachache, mara nyingi faraghani. Nne, dalali huchukua ujira kwa kuwakutanisha wawili, lakini hubeba maana ya kuuza. Tano, wakili amekwisha kutwaliwa na taaluma ya sheria.

Kwa maoni yetu, anayekaribia zaidi dhana hii katika utamaduni wetu ni mshenga. Mshenga hutumwa. Anapofika kwa wazazi wa binti hutaja kwanza ametoka kwa nani, ndipo hueleza haja. Hakuna anayemlaumu kwa kusifu upande uliomtuma, maana hiyo ndiyo kazi yake na wote wanaijua. Lawama ingekuja kama angejifanya jirani aliyepita tu kusalimia, kisha akaanza kumsifu kijana fulani. Hatupendekezi neno mshenga litumike bungeni, kwa kuwa limefungamana na posa. Tunachochukua kwake ni kanuni: anayetumwa humtaja aliyemtuma.

Tahadhari moja inahitajika kabla ya kupendekeza neno lolote. Mwaka 2000 marekebisho ya sheria za uchaguzi Tanzania yaliruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kawaida au wa kimila kutoka kwa mgombea kwenda kwa wapiga kura. Takrima ni neno zuri, lenye harufu ya ugeni na sahani ya pilau. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake. Neno zuri lilikuwa limefungua mlango wa rushwa. Ushawishi uko katika hali ya kinyume chake: neno lenye sifa mbaya linafunika jambo ambalo kimsingi ni halali. Katika hali zote mbili, hisia ya neno imechukua nafasi ya fasili.

5.0 Pendekezo la Fasili

Tunapendekeza ushawishi ubaki kuwa jina la kitendo kwa jumla, na mshawishi awe yeyote anayekifanya, bila sheria kumhitaji kujiandikisha. Kwa mtendaji anayepaswa kujulikana tunapendekeza istilahi wakala wa ushawishi, na tunaifasili hivi:

Wakala wa ushawishi ni mtu anayelipwa, kwa mshahara, ada au manufaa mengine, ili awasiliane na mwenye mamlaka ya umma, au apange mawasiliano hayo, kwa niaba ya mtu au taasisi nyingine, kwa lengo la kuathiri sheria, sera au uamuzi wa umma.

Fasili hii ina sehemu nne. Malipo humtenga mtu huyu na raia wa kawaida. Niaba humtenga na anayejisemea mwenyewe, na haijali kama aliyetumwa ni mwajiriwa au mshauri wa kukodiwa. Maneno au apange mawasiliano hayo yanamfikia anayeelekeza akiwa nyuma ya pazia. Lengo humtenga na anayefuata huduma ya kawaida, kama vile leseni au hati. Aliyemtuma ataitwa mtumaji, na anayeendewa ataitwa mlengwa. Rushwa haimo katika fasili. Wakala akitoa rushwa, atakuwa ametenda kosa jingine, ambalo nchini Tanzania lina sheria yake ya mwaka 2007.

6.0 Kuipima Fasili

Tuchukue mifano minne. Mkulima anayemwendea mbunge wake kuhusu bei ya pamba, hata kama anawasemea majirani zake, si wakala, kwa kuwa halipwi. Cameron katika suala la Greensill ni wakala, kwa kuwa alilipwa na aliisemea kampuni. Mkurugenzi mwenye hisa nyingi katika kampuni yake ataleta ubishi. Atasema kwamba anajisemea. Lakini sheria za makampuni humhesabu yeye kuwa mtu mmoja na kampuni kuwa mtu mwingine. Anayenufaika na utengano huo wakati wa madeni hawezi kuukana anapokwenda kwa waziri.

Mfano wa nne ni mgumu zaidi, nao unatugusa. Katika miaka ya 1990 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilikuwa miongoni mwa waliofanya kampeni iliyozaa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Makundi ya wanawake, wakiwemo wanasheria wa TAWLA, yalishiriki pia katika mjadala uliotangulia sheria mbili za ardhi za mwaka 1999. Je, waajiriwa wa asasi kama hizo wanaowaendea wabunge ni mawakala wa ushawishi? Kwa fasili yetu, ndiyo. Wengi hawatalipenda jibu hili, kwa sababu watahisi kwamba mtetezi wa mtoto aliyedhulumiwa amewekwa kapu moja na muuza sigara.

Pingamizi hilo lina uzito, hasa katika nchi ambamo kuandikishwa kunaweza kugeuzwa kuwa njia ya kudhibiti. Ndiyo sababu ni muhimu kwamba daftari liwe la taarifa, si la kibali: liseme nani alimwona nani, kwa niaba ya nani na kuhusu nini, wala lisimpe msajili uwezo wa kumzuia mtu asizungumze. Kikundi kisicho na mwajiriwa kisitakiwe kujiandikisha kabisa. Lakini kuwatoa wema nje ya daftari kungeleta hasara kubwa kuliko faida. Kampuni ya sigara nayo ingeunda asasi yenye jina zuri, ikapita mlango uleule. Isitoshe, daftari lililojaa watu wa makampuni peke yao lingethibitisha dhana kwamba ushawishi ni kazi chafu, na mwishowe mwanakijiji angeogopa hata kuandika barua.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba swali la nani ni mshawishi halijibiwi kwa kutazama kitendo chenyewe, kwa maana kitendo ni cha wote. Tumeona pia kwamba sheria zinazochagua aina moja ya watendaji, kama ile ya Uingereza, huwaacha nje wale wenye nguvu zaidi. Kwa upande wa Kiswahili, maneno mdau, mtetezi na mshawishi yana hisia nyingi na mipaka michache. Tumependekeza wakala wa ushawishi, mtumaji na mlengwa kama istilahi zinazoweza kubebana katika matini moja ya sheria.

Mapendekezo haya yanahitaji kujaribiwa na wanasheria, watafsiri na vyombo vya istilahi, na huenda neno bora zaidi likapatikana. Lakini lolote litakalochaguliwa, lisiache kudai lile ambalo kila mshenga hulitimiza kabla hajaketi: kusema ametumwa na nani.